Grafu nne za sukari ya Papa: zilipandana bila mimi kujua, na daktari akaongeza dozi

Wakuu, pokeeni salamu kutoka Kamembe, huku Rusizi, mwisho wa Rwanda ukielekea Bukavu.

Nimekuwa msomaji wa kimya wa jukwaa hili la code kwa muda mrefu. Leo naandika kwa sababu jambo lenyewe limenikuta mimi na mzazi wangu. Sijalisikia kwa mtu na sijaongeza chumvi. Wale wa Dar na Mombasa mtanivumilia Kiswahili, chetu kimekaa jirani na Kifaransa na Kinyarwanda muda mrefu, kimezoea.

Mimi ni fundi simu. Mwanamke, ndiyo, kabla hamjauliza. Nina meza yangu karibu na soko, taa, lenzi na vibisibisi. Python nimejifunza mwenyewe kwa video, kwenye laptop ya mitumba niliyotoa Bukavu. Sina cheti cha code. Najua kiasi cha kunisaidia, na kama mtakavyoona, kiasi cha kuniponza pia.

Sasa Papa.

Papa alifanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha saruji kule Bugarama. Alipostaafu, yeye na Maman walihamia upande wa Gikundamvura, wakalima mpunga. Ana kisukari. Anajidunga insulini mara mbili kwa siku, asubuhi, na jioni kabla ya kula.

Daktari wake yuko hapa Kamembe. Ni dada kijana, mtulivu, anayesikiliza. Mara ya mwisho nilipompeleka Papa, alisema sukari inapanda na kushuka bila mpangilio, na hawezi kugusa dozi kwa kubahatisha.

"Apime mara ine kwa siku," akaniambia. "Mbele ya kula asubui, mbele ya kula midi, mbele ya kula ya mangaribi, na mbele ya kulala. Kisha unitumie. Lakini usinitumie namba zimechanganyika, sitaona kitu. Niletee kila wakati peke yake."

Kila wakati peke yake. Hayo ndiyo yalikuwa maagizo, na nilijiona mjanja nikamwambia, "Docteur, nitakuchorea."

Alifurahi. Aliomba kitu kimoja tu, nichore kwa rangi nyeusi, kwa kuwa printer yao haina wino wa rangi.

Basi ikaanza hivyo. Papa anapima, Maman ananitumia namba kwa sauti ya WhatsApp kwa sababu kuandika kwenye simu hakupendi, mimi naziingiza kwenye file. Katikati hapo vijiti vya kupimia viliadimika kwenye maduka ya dawa. Kwa karibu wiki nzima Papa alipima asubuhi tu, akibana vile vichache vilivyobaki. Mchana, jioni na usiku hakukuwa na namba. Shikeni hilo, linakuja.

Namba zilipokuwa za kutosha nikakaa kuandika code. Nilitumia matplotlib, library ya kuchora ambayo wengi wenu mnaijua. Kwa wasioijua, unaipa namba, yenyewe inakupa picha.

Nilitaka picha nne, kila moja na file lake. Nikaandika loop inayozunguka mara nne. Kila mzunguko inachukua wakati mmoja wa siku, inaweka nukta nyeusi, inaandika kichwa juu, inahifadhi picha. Asubuhi. Mchana. Jioni. Kabla ya kulala.

Nikarun. Hakuna error hata moja. Mafaili manne yakatokea kwenye folder.

Nilifungua la kwanza, la asubuhi. Safi. Nukta zimekaa vizuri, kichwa kimesomeka. Wakati huohuo mteja akafika na simu iliyoingia maji, mafaili yote manne nikayatuma kwa daktari, nikageukia simu ya watu.

Hiyo ilikuwa asubuhi.

Mchana daktari akaandika. Ujumbe nilioupokea ulisema hivi: picha nimeziona, merci sana, sukari ya usiku iko juu mno, nimempigia Mzee mwenyewe, nimemwambia aongeze dozi ya jioni kuanzia leo.

Nikajibu asante. Niliona fahari kidogo, nisiwadanganye. Nikaendelea na kazi.

Saa zile za alasiri wateja wakapungua. Nikasema ngoja niiangalie hiyo ya usiku ambayo imemshtua daktari. Nikaifungua.

Mwanzoni sikuona tatizo. Nukta nyingi, nyingine juu, nyingine chini, kichwa kimeandikwa vizuri kabla ya kulala. Kitu kikawa kinanisumbua na sikijui. Nikaikuza picha. Nikaifuata kwa kidole kutoka kushoto kwenda kulia.

Pengo liko wapi?

Ile wiki ya vijiti kuadimika, Papa hakupima usiku hata mara moja. Picha ya usiku ilitakiwa iwe na uwazi hapo, hakuna nukta. Lakini nukta zilikuwepo, zimejipanga siku baada ya siku kana kwamba alipima.

Nikafungua ya asubuhi nikaziweka sambamba. Nukta za wiki ile zilikuwa zilezile. Nukta za asubuhi zilikuwa ndani ya picha ya usiku.

Wataalamu mmeshaelewa. Ndani ya loop sikuwa nimefungua figure mpya. Matplotlib usipoiambia ianze karatasi nyingine, inaendelea kuchora kwenye ileile. Kwa hiyo picha ya asubuhi ilikuwa na asubuhi tu. Ya mchana ilikuwa na asubuhi na mchana. Ya jioni ilibeba tatu. Ya usiku ilibeba siku nzima, kwa kichwa cha usiku.

Kichwa kilikuwa kinabadilika kila mzunguko kwa sababu nilikiandika upya. Nukta za zamani hazikufutika. Na kwa vile zote nilizipaka nyeusi, hakuna jicho ambalo lingejua hii ni ya asubuhi, hii ni ya usiku. Ningeacha rangi zake za kawaida, zingejitofautisha zenyewe na ningeona.

Nikaongeza mstari mmoja mwanzoni mwa loop, plt.figure(), na mwisho wake plt.close() ili karatasi ifungwe ikishahifadhiwa. Nikarun tena. Nikafungua ya usiku.

Wakuu, nilitamani nisingeifungua.

Pengo lilikuwepo mahali pake. Na nukta zilizobaki, za kweli, zilikuwa chini. Hazikuwa chini kidogo. Zilikuwa zinateremka kadiri siku zilivyokwenda, na zile za mwisho zilikaa pale ambapo hata mimi nisiye mganga najua si pazuri. Sukari ya Papa usiku haikuwa juu, zile nukta za juu zilikuwa za saa nyingine. Ilikuwa inaanguka, na jioni ile alikuwa ameambiwa aongeze dawa ya kuishusha.

Nikampigia Papa. Simu haipatikani. Simu yake anaichaji kwa jirani, na ikiwa huko inazimwa.

Nikampigia Maman. Inaita mpaka inakatika. Nikapiga tena na tena. Nje kwangu mawingu yalikuwa yamejikusanya, nikajua wako kwenye uwanja wanakusanya mpunga uliotandazwa kabla mvua haijaushika, na simu iko ndani ya pochi mahali fulani.

Nikampigia daktari. Hakupokea. Nikamtumia picha mpya na sauti fupi, "Docteur, zile nilikutumia asubui zilikuwa na kosa, iyi ya usiku njo ya kweli, tafazali nipigie."

Nikafunika meza na turubai. Kuna simu ya mteja niliiacha wazi imefunguliwa mgongo, skrubu zimetapakaa. Nikaita motari, yaani dereva wa bodaboda, nikamwambia Gikundamvura, haraka lakini nifike mzima.

Sijui kama mmewahi kukaa nyuma ya moto, pikipiki tunavyoiita huku, na mawazo ya namna hiyo. Njia nzima nilikuwa nahesabu kichwani, Papa hula saa ngapi, hujidunga muda gani kabla ya kula, akiwa na njaa hujidunga mapema. Barabara inazunguka milima, kisha inashuka, hewa inabadilika inakuwa nzito na ya moto, na bado hujafika.

Simu ikatetemeka mfukoni. Nikampiga motari begani asimame, nikavua kofia ngumu ili nisikie.

Alikuwa daktari. Hakunigombeza. Sauti yake ilikuwa ileile ya utulivu, ila anaongea haraka.

"Uko wapi?"

"Niko kwa moto, naenda kwao."

"Mzee alisha kujipiga sindano?"

"Sijui, docteur. Simu hazishikwi."

"Sikiliza muzuri. Kama bado, asijipige kitu mbele ya kuongea na mimi. Kama alisha, umupatie kitu ya sukari saa hii, kisha akule chakula ya kweli. Pima. Ngoja kidogo, pima tena. Ukiona anachanganya maneno, usingoje, umupeleke ku centre de santé."

Kisha akaongeza, "Na mimi nilipaswa kuuliza. Niliona ile ya usiku haifanane na mambo Mzee aliniambia, nikaamini picha."

Tukaendelea.

Nilipofika, Papa alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya nyumba, amevaa shati lake la kuendea msikitini. Mgongo wa shati ulikuwa umelowa na kunata. Aliniangalia muda mrefu, kama mtu anayemwangalia mgeni aliyekosea nyumba.

Nikasema, "Papa, ni mimi."

Akajibu taratibu, kwa adabu kabisa, "Karibu. Zaina hayuko hapa, iko Kamembe."

Zaina ni mimi.

Nikapiga magoti mbele yake, nikamshika mikono. Ilikuwa ya baridi na inatetemeka. "Papa, ulisha kupiga sindano?"

"Nilipiga. Docteur alisema tuongeze, nikaongeza."

"Ulikula?"

"Maman yako anakuya. Mpunga," akasema, na sentensi ikaishia hapo.

Nikakimbilia jikoni. Sufuria iko mezani, mchele umeoshwa, moto haujawashwa. Nikatafuta sukari. Nikafungua kila kopo. Hakuna. Tangu Papa apatikane na ugonjwa, Maman aliiondoa sukari ndani ya nyumba, hata ya wageni. Yeye mwenyewe anakunywa chai kavu ili mumewe asitamani.

Nikatoka nikamwambia motari, "Tafazali, duka iko pale chini, leta fanta." Kijana wa watu hakuuliza kitu, aligeuza moto akaondoka nayo mbio.

Nilipompima Papa, namba iliyotoka ilikuwa chini kuliko zote nilizowahi kuziingiza kwenye file. Nilikaa pembeni yake nikamwegemeza begani kwangu na kumsemesha mambo yasiyo na maana, mvua, soko, jirani yetu wa zamani, ili tu nisikie anajibu. Majibu yalikuwa yanachelewa. Fanta ilipofika nilimshikia chupa mdomoni kama mtoto, akanywa kidogokidogo, nyingine ikamwagika kwenye shati.

Daktari alisema nisubiri ndipo nipime tena. Wakuu, kusubiri huko sitakusahau. Unamwangalia mtu kope zake. Unasikiliza anavyopumua. Na kichwani kwako unaona mstari mmoja wa code ambao haukuwepo.

Kisha akageuza shingo, akaniangalia vizuri, akakunja uso.

"Zaina," akasema, "ulifika wakati gani? Na juu ya nini ulinimwangia fanta ku shati ya musikiti?"

Nililia hapo. Nikampima, ilikuwa imeanza kupanda.

Maman alitokea mvua ikianza, turubai la mpunga kichwani. Alipotuona namna tulivyokaa alilitupa chini, mpunga na yote. Nilimweleza kwa kifupi. Hakuuliza grafu ni nini. Aliingia ndani, akatoka na ndizi za kuchemsha zilizobaki mchana, akakaa na Papa mpaka akala.

Nikampigia daktari, akasema bado tumpeleke centre de santé, yaani kituo cha afya, akaangaliwe, maana dawa aliyojidunga ilikuwa bado inafanya kazi mwilini. Motari alikuwa hajaondoka. Alimbeba Papa nami nyuma yake nikimshika, kisha akarudi kumchukua Maman.

Muuguzi pale ni mtu mzima, hana maneno mengi. Alimpima, akamlaza, akaniuliza mimi kidogo na Maman kidogo. Swali lake moja ndilo limebaki nami.

"Usiku anatoka jasho?"

Maman akajibu haraka, kama jambo ambalo kila mtu analijua. "Sana. Shuka inalowa. Na anasema mambo mu ndoto, sielewi. Lakini huku ni joto, sisi bote tunatoka jasho."

Muuguzi akasimamisha kalamu. "Na asubui anaamuka na kichwa kinamuuma?"

"Karibu kila siku."

Alituambia kwa upole kwamba hilo halikuwa joto. Sukari ilikuwa inamwangukia usingizini, na si jana wala juzi.

Maman alivuta kitenge mabegani, akaangalia sakafu, akasema polepole, "Mi nilikuwa nafungua dirisha. Kila usiku nafungua dirisha, nasema apate hewa."

Papa akanyoosha mkono kutoka kitandani akamshika.

Kesho yake waliturudisha nyumbani. Daktari alipunguza dozi ya jioni badala ya kuiongeza, na akamwambia Papa ale kitu kidogo kabla ya kulala. Akaomba grafu zote nne upya, kisha nyingine mpya baada ya mabadiliko. Hizo nilizikagua moja baada ya nyingine kama nakagua noti bandia.

Nilimwomba Papa msamaha. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Docteur aliamini picha, weye uliamini mashini, na mimi nilijipiga sindano chakula haijaiva, na mimi ni muntu mukubwa. Tugawane."

Shuka za Papa sasa zinaamka kavu. Maman ameninong'oneza kwamba siku hizi Papa anamgombeza yeye kwa kuvuta blanketi lote. Na sukari imerudi ndani ya nyumba, kopo dogo, liko juu ya kabati mahali kila mtu analijua.

Nilichojifunza upande wa code ni kwamba kukosa error si kuwa sahihi. Code yangu ilirun vizuri kabisa kila mara. Ukichora grafu nyingi ndani ya loop, kila mzunguko fungua figure yake, hifadhi, funga. Usiponitii mimi, basi fungua angalau picha ya mwisho kabla ya kutuma, maana ya kwanza itakuwa safi siku zote, makosa hujazana mwishoni. Tafuta kitu unachokijua kwenye data, siku ambayo hukupima, mwezi ambao duka lilifungwa, uone kama picha inakijua pia. Na mkiweza, acheni rangi zibaki hata kama printer ni ya wino mweusi. Siku hizi natumia alama tofauti, duara, pembetatu, msalaba, ili nukta ikipotea njia nijue imetoka kwa nani.

Upande wa nyumbani sina la kifundi. Kama una mzazi mwenye kisukari yuko mbali nawe, mpigie leo. Usimuulize namba peke yake, muulize analalaje, na muulize pia yule anayelala naye.

Wazoefu wa subplots na mambo ya ax, nielekezeni njia iliyo salama zaidi kuliko hii yangu, nasoma kila jibu. Na kama kuna mwingine ambaye picha yake iliwahi kumdanganya mtu aliyeiamini, aandike hapa chini tusikie ilikuwaje.